Masizi ya Puani

Haya yalimpata shoga yangu Yangskit, tena mchana. Alipanda kwenye monasteri ya kijiji chao, huku kwetu milimani Ladakh, akiwa na mwanawe Skarma mgongoni, kupeleka siagi ya kuwashia taa za ibada ili mtoto apone homa. Kabla hajatoka, mama mkwe alichovya kidole kwenye masizi ya sufuria, akampaka mtoto puani.

"Basi, mbaya kama nyani! Wasioonekana wakimwona hivi hawatamtamani. Usimfute, mwanangu."

Mtawa mzee Thupstan aliwapokea kwa upole, akampa Yangskit chai ya chumvi.

"Keti, binti. Magoti yangu yenyewe hulia nikizipanda ngazi hizi," alitania, akaenda jikoni kuchukua moto wa kufukizia ubani.

Ukumbi wa sala walimoketi haukuwa na dirisha. Taa moja iliyokuwa ikiwaka mbele ya sanamu ilizimika. Skarma, aliyelia tangu alfajiri, akanyamaza ghafla mapajani mwa mama yake. Kisha Yangskit akasikia kitu kikilamba, taratibu, kama ndama alambaye chumvi.

"Babu, ni wewe?"

"Nakuja, binti!" sauti ya mzee ilijibu kutoka mbali, jikoni. "Kuni zimelowa!"

Yangskit akamkumbatia mtoto kifuani. Kulamba kukamfuata hapo hapo, chini ya kidevu chake mwenyewe.

Mzee alipoingia na moto, Yangskit alimgeuza mwanawe kwenye mwanga. Skarma alikuwa mzima, macho wazi, akitazama nyuma ya bega la mama yake. Nguo ya Yangskit haikuwa na doa lolote. Pua ya mtoto ilikuwa safi, imelowa.