Ripoti ya Emil Krahn

Jalada lilikuwepo, kilichotakiwa kuwamo ndicho hakikuwamo. Arlys Tveit, karani wa kumbukumbu katika ofisi ya polisi ya Kaunti ya Ekre, Dakota Kaskazini, aliligeuza juu chini, akalikung'uta, akaingiza vidole mpaka kwenye kona. Juu yake maandishi yalisomeka vizuri: KRAHN, EMIL. AJALI YA TREKTA. 9 NOVEMBA 1971. Ndani hamkuwa na hata kijikaratasi. Ilikuwa Jumanne tarehe 13 Oktoba 1998, saa tatu na robo asubuhi, na ng'ambo ya kaunta Corrine, binti wa marehemu, alikuwa hajavua hata koti.

"Limeliwa na panya?" Corrine aliuliza.

"Panya hafungui kibanio cha chuma, mdogo wangu. Huyu alifungua, akachukua, kisha akafunga tena kwa adabu zake."

Wiki iliyopita Arlys mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwa simu namna ya kujaza fomu. Usiombe kila kitu tulicho nacho, alimwambia, maana utangoja mpaka theluji iyeyuke. Andika jina, tarehe, mahali, na karatasi unayoitaka. Corrine aliandika hivyo hivyo. Sasa, kisheria, Arlys angeweza kugonga muhuri wa "Haikupatikana", akamtakia safari njema, kazi ikaisha. Mkono ulimkataa.

"Kwa nini leo, baada ya miaka ishirini na saba?" aliuliza.

"Mama. Moyo umechoka. Daktari anasema tuhesabu siku, tusihesabu majuma." Corrine alikunja na kukunjua glovu zake. "Na ameshakata shauri azikwe kwao, kwenye kanisa la baba yake. Hataki kulala karibu na baba. Unajua wanavyosema."

Arlys alijua, kaunti nzima ilijua. Emil Krahn alimwahidi mkewe Hulda, mkono juu ya Biblia, kwamba hatatia tena pombe kinywani. Kisha trekta ikambinukia, na waliombeba wakasikia nguo zake zinanuka wiski. Basi, ikawa amekufa mlevi. Hulda hakumlilia mazikoni, na hajawahi kupeleka ua kaburini.

"Mimi nilikunywa naye kahawa asubuhi ile," Corrine alisema. "Baba alikuwa ameacha, dada. Ningejua kama ni uongo. Lakini mama hataki maneno yangu, anataka karatasi."

Maskini ya Mungu. Arlys alichukua daftari la kutolea majalada. Miaka ile funguo za chumba zilikuwa tatu tu. Mmoja alikuwa nao LaVonne, shangazi yake Arlys, karani aliyemtangulia, sasa marehemu. Wa pili alikuwa nao askari Duane Moe, na wa tatu Walt Prentiss, mkuu wao, sherifu wa kaunti. Jina la mwisho lililoandikwa kwa jalada la Krahn, Machi 1972, lilikuwa la Duane.

Saa nne na nusu walimkuta Duane mkahawani, mstaafu mwenye tumbo lake, amezama kwenye pai ya tufaha.

"Duane, jalada la Emil Krahn ulilipeleka wapi?"

"Salamu zimeisha bei siku hizi?" Duane alifuta mdomo. Alipomwona Corrine nyuma, utani ukamtoka. "Hakimu alitaka namba ya ripoti kwa ajili ya cheti cha kifo. Nikainakili namba, nikalirudisha siku ile ile. Tazama, sahihi ya shangazi yako ipo pembeni."

Kweli, ilikuwapo.

"Ripoti uliisoma?"

"Sikuisoma. Na siku yenyewe sikuwapo. Mke wangu alikuwa anajifungua mapacha, nimekaa hospitali tangu alfajiri, natetemeka kuliko yeye. Waulize mapacha wenyewe lini wanakata keki."

"Nani alipokea simu?"

"Shangazi yako au Walt. Hakuna wa tatu." Duane alisita, akakoroga kahawa iliyokwisha kukorogwa. "Arlys, usinikasirikie. Ajali ilitokea shambani kwa Gust Reimer. Na LaVonne na Gust walikuwa marafiki. Tuseme marafiki. Kama mle mliandikwa jambo la kumharibia Gust..."

Arlys alifunga daftari. LaVonne ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha kwamba karatasi ya umma haina shangazi wala mpwa. Leo hii aambiwe alikuwa mwizi. Walipotoka nje alisimama kando ya gari, mikono mifukoni, asitake hata kuwasha.

"Tuache, dada," Corrine alisema taratibu. "Sikuja kukuvunjia jina la shangazi yako."

"Ingia ndani ya gari. Kila anayekosa karatasi kwangu namwambia neno moja: tukio halitazamwi na jicho moja. Polisi wakiandika, na wa gari la wagonjwa huandika, na mpima maiti huandika. Mlango mmoja ukifungwa, piga hodi wa pili. Mimi mwenyewe nilitaka kusahau."

Gari la wagonjwa huendeshwa na wanakijiji wa kujitolea, na vitabu vyao hukaa kwenye banda la zimamoto. Arlys alijaza fomu nyingine, Corrine akatia sahihi, na saa sita kasoro kumi walikuwa wamekaa juu ya ndoo zilizofudikizwa, kitabu cha 1971 magotini. Arlys alisoma kwa sauti.

"'Saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri: polisi wametupigia, twende kwa Sorlie. Tumeelekea kaskazini. Saa kumi na dakika thelathini na nne: tumefika kwa Alvin Sorlie. Hakuna mgonjwa. Alvin anakamua ng'ombe. Saa kumi na moja na dakika tano: tumefika kwa Reimer, kusini. Emil Krahn amefariki dakika chache zilizopita.'"

Corrine alikuwa ameziba mdomo kwa glovu. "Kwa Reimer ni dakika kumi kutoka hapa," alisema. "Dakika kumi. Walikwenda kufanya nini kwa Alvin?"

Arlys aliisoma tena ile mistari, mara mbili, mara tatu, kisha akafunga kitabu polepole.

"Corrine, ile nyumba ya Gust Reimer, kwenu mlikuwa mnaiitaje?"

"Kwa Sorlie. Kila mtu anaiita kwa Sorlie."

"Sorlie wa mwisho alihama pale mwaka gani?"

"Mimi sijazaliwa. Wakati wa ukame, nadhani."

"Gust kaishi pale miaka thelathini, na hata yeye akipiga simu alisema yuko kwa Sorlie. Ndivyo tulivyo, shamba hatulibadilishi jina mpaka mwenye jina asahaulike, na hasahauliki. LaVonne alizaliwa maili mbili kutoka pale. Duane naye ni wa hapa hapa. Mtoto wa darasa la kwanza hapa asingelituma gari kaskazini." Machozi yalimlengalenga, na hakujua kama ni ya huzuni au ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya shangazi yake. "Aliyepokea simu ile hakuwa wa hapa. Alitafuta Sorlie kwenye ramani, akampata Alvin."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu. Walt Prentiss alitoka Ohio mwaka 1969. Amekaa kaunti hii miaka ishirini na tisa, amezika mke hapa, na bado watu wanamwita yule sherifu mgeni.

Saa nane mchana Walt aliwafungulia mlango wa jikoni kabla hawajabisha. Alikuwa mzee mrefu, amekonda, sweta imevaliwa kinyume. Aliwawekea kahawa. Arlys aliweka kitabu cha zimamoto mezani, akakifungua kwenye ukurasa ule.

Walt alisoma amesimama. Kisha akaketi.

"Wewe ndiye ulipokea simu," Arlys alisema.

"Mimi."

"Na wewe ndiye ulichukua ripoti baada ya Duane kuirudisha. Hukutia sahihi kwa sababu mkuu haombwi sahihi."

"Aprili, mwaka ule wa 1972. LaVonne alikuwa likizo. Asije mtu akamdhania LaVonne, Arlys. Mwanamke yule alikuwa mwaminifu kunishinda."

"Kwa nini?" Sauti ya Corrine ilikuwa ndogo. "Tulikula nawe chakula cha mazishi. Ulinishika mkono."

Walt alimtazama, na hakujitetea. "Ripoti ilionyesha nilikolituma gari, na uchaguzi ulikuwa Novemba ya mwaka ule wa 1972. Sherifu asiyejua kwa Sorlie ni wapi, nani angempa kura? Nilijiambia nitaitoa nikishachaguliwa. Kisha nikasema mwaka ujao. Kisha watu wakaanza kusema baba yako alikuwa amelewa, na mimi nilijua si kweli, nikanyamaza. Kila Jumapili mama yako alipita mbele yangu kanisani, na kila Jumapili nilinyamaza. Sina neno la kukupa, binti yangu. Nilikuwa mwoga, ndivyo ilivyo."

Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na bahasha. Kurasa nne, hazina hata mkunjo.

"Mbona hukuzichoma?" Arlys aliuliza.

"Nilijaribu mara mbili. Ukurasa wa tatu ulinishinda."

Corrine alinyoosha mkono. Alisoma ukurasa wa tatu, akausoma tena, mabega yakaanza kutikisika. Arlys alimshika. Alipotulia, Corrine alimrudishia mzee karatasi zote.

"Vaa koti," alimwambia. "Mama yangu anataka karatasi, na wewe ndiye utakayemsomea."

Saa kumi kasoro robo walikuwa kwenye nyumba ya wazee. Hulda Krahn, miaka themanini na minne, aliinuliwa juu ya mito. Alimtambua Walt. Arlys alisimama mlangoni. Walt alivaa miwani, na kwanza akakiri yote, kuanzia simu mpaka kura, bila kujipunguzia. Hulda hakupepesa macho. Kisha mzee akafungua ukurasa wa tatu, maelezo ya Gust Reimer, aliyefariki majira yale yale ya baridi.

"'Tulingoja gari la wagonjwa. Emil alikuwa amebanwa miguu yote miwili, maumivu makali. Nilileta chupa ya wiski nikamsihi anywe. Alikataa. Alisema amemwahidi Hulda. Nilimsihi mara ya pili, nikamwambia Hulda hatajua. Akasema, mimi nitajua. Basi nikaimwaga ile wiski kwenye vidonda, kuvisafisha. Aliuliza mara nyingi gari limefika wapi. Mwisho aliniomba nimwambie mkewe kwamba hakunywa. Nimemwachia sherifu ujumbe huo aufikishe.'"

Corrine alilia bila sauti, ameshika mguu wa mama yake juu ya blanketi.

"Alingoja muda gani?" Hulda aliuliza.

"Karibu dakika hamsini," Walt alisema.

Hulda aligeuza uso dirishani. Machozi yalimtiririka mpaka masikioni, na hakuyafuta.

"Mimi nimemngojesha miaka ishirini na saba," alisema. "Corrine, mpigie mchungaji simu. Mwambie nalala na mume wangu."