Aliyemwanika Bi. Uzi

Jumatatu ya soko, Machakos hupitwa kwa viwiko. Kavindu, fundi cherehani, alikuwa amevaa gauni la kitenge cha manjano alilolishona mwenyewe, na alijua linamkaa. Mwanamume aliyebeba katoni akampiga kikumbo, simu ikaanguka, kioo kikapasuka.

"Pole sana, siste. Bahati yako, mimi ni fundi wa simu." Jina lake Ndunda.

"Kumbe mnavunja ndiyo mpate kazi? Hiyo ni biashara ama ujambazi?"

Akacheka, akaitengeneza bure. Wiki iliyofuata akapiga kuuliza kioo kinaendeleaje. Kioo! Hakuna aliyedanganyika, na baada ya miezi mitatu alikuwa akimwita mwendwa wakwa, mpenzi wangu kwa Kikamba.

Raha kama hiyo Kavindu angeimezaje peke yake? Akaimwaga kwenye grupu ya WhatsApp ya mafundi cherehani wenzake, waliogawana oda za yunifomu za shule. Humo yalisemwa yote: vipimo, waume, mama mkwe.

Kisha ikazuka blogu. Kila Ijumaa ilitoa mazungumzo ya grupu hiyo, majina tu yamebadilishwa. "Bi. Uzi amepata fundi wa simu," ilisema, "na akishikwa mkono anasahau hata vipimo vya wateja." Maneno hayo Kavindu aliyaandika mwenyewe. Yakasomwa mpaka kwao Katangi, na baba yake, mzee wa kanisa, akashuku ni bintiye, akaacha kushika simu zake.

Ni nani aliyewahi kukaa na simu ya Kavindu ikiwa wazi siku nzima, akaweza kuiunganisha na yake, kama si Ndunda? Shaka ikamkaba. Akaenda kibandani kwa Ndunda.

"Ni wewe?"

"Si mimi, Kavi."

"Basi unajua ni nani."

Ndunda akainamia bisibisi yake. "Siwezi kusema."

"Huwezi ama hutaki? Mwongo wewe! Usinipigie tena."

Wenzake wa grupu nao walimshuku Kavindu, kwa sababu ya huyo fundi wake. Jumapili wakamtoa kwenye grupu, na yunifomu za Januari akazikosa. Ndunda alipiga mara tisa. Kavindu hakushika. Alilia juu ya cherehani, akimchukia na kumtamani kwa pamoja.

Ijumaa blogu ikatoka kama kawaida. "Bi. Uzi tumemtoa. Sasa tuongee kwa raha." Kavindu akasoma mara mbili. Hayo yaliandikwa yeye akiwa nje. Yangetokaje kwenye simu yake?

Sisi tunaosimulia tunajua ni Wavinya, katibu wa grupu hiyo. Alianzisha blogu ili mashauri ya ushonaji yasipotee simu zikijaa, akaona umbea ndio unaosomwa. Kavindu hakujua. Alikimbia tu, kilemba kimelegea, mpaka kibandani.

"Nilikukosea, Ndunda. Lakini niambie, ni nani?"

"Aliniletea simu nimtengenezee, nikaiona blogu humo. Nikiona kitu kwa simu ya mteja, kinabaki hapo."

"Hata nikikuacha?"

"Si uliniacha? Nilisema?"

Kavindu akakifunga kilemba upya. Aibu ilimchoma, halafu furaha ikaja nyuma yake. Mwanamume wa namna hii mji huu unao wangapi?

"Baba hashiki simu zangu," akasema. "Itabidi uende Katangi mwenyewe. Na usiende mikono mitupu."

"Mbuzi wa ntheo?"

"Usijifanye hujui desturi yetu ya posa."

"Nitawapeleka."

"Na akiuliza kama huyo Bi. Uzi ni mimi?"

Ndunda akaweka bisibisi chini, akamshika mkono mbele ya wateja wote.

"Hilo nitasema."