Nikipungua Nitashuka

Ndugu zangu wa Xiaobei, hapa Guangzhou, Uchina, na nyinyi wa nyumbani mnaosubiri kago, vuteni viti. Habari hii inamhusu Kasmir, mfanyabiashara wa nguo kutoka Bukoba, ambaye wengi wenu mmekula naye meza moja. Sikuileta ili tumseme. Nimeileta kwa sababu nikitazama matumbo yenu, langu likiwemo, naona hatuko mbali naye.

Jumapili moja ya mwezi wa sita Kasmir alikuwa ametoka misa na mkewe Bertila. Walikaa chumbani kwao, ghorofa ya saba ya jengo lisilo na lifti, karibu na Mtaa wa Dengfeng. Feni ilizunguka taratibu. Bertila alikuwa amepika ndizi kwa nyama, na jirani yao Jonas, wa ghorofa ya nne, alikuwa amepanda na sahani yake mkononi kwa sababu alijua sahani za pale hazitoshi.

"Laoban," Jonas alisema, "hilo tumbo lina kontena lake peke yake, au linasafiri na mizigo ya wengine?"

Kasmir alicheka mpaka akafuta machozi, akaongeza nyama. Laoban ni bosi kwa Kichina cha sokoni, na sisi bosi asiye na kitambi tunamtilia shaka, si ndiyo? Pasaka iliyopita alipokwenda nyumbani, mashangazi walimpapasa tumbo wakisema Uchina imempenda. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anapandaje ghorofa saba na kilo mia na kumi na nane.

Alipanda kwa shida. Kila ghorofa alisimama, akatoa simu, akajifanya anasoma ujumbe mpaka pumzi irudi. Aliamini hakuna aliyegundua. Bertila aligundua zamani, ila alichelea kumuumiza.

Mwezi ule ule duka la chini lilipata mwenyewe mpya, mama wa Kichina mwenye mvi, muuza maji, matunda na sigara. Jengo lilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo ulitokea mbele ya duka lake. Jumatatu Kasmir alirudi kutoka Shisanhang, mtaa wa nguo za jumla, amebeba mifuko miwili ya sampuli, shati limemganda mgongoni. Yule mama alimsogezea kigoda bila kuombwa. Alipokaa, kigoda kikalia chini yake. Vijana wawili waliosimama pale wakiangalia simu wakacheka, Mungu ndiye ajuaye walicheka nini. Kasmir alinunua maji, akanywa, akainuka kwa kushika ukuta. Mama akainamisha kichwa na kusema, "Man zou."

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyoweza kuangamizwa na lugha aijuayo nusu. Kichina cha Kasmir kilikuwa maneno arobaini hivi, na hayo aliyaunganisha mwenyewe. "Man man" alilijua kwa wauzaji wa Shisanhang, waliomwambia hivyo alipokuwa akivutavuta nguo kwa haraka: polepole. "Zou" alilijua kwa makuli wanaosukuma mikokoteni na kufukuza watu njiani: nenda, tembea. Akajumlisha. Tembea polepole.

"Amenitukana," alimwambia Bertila alipofika juu. "Ameona ninavyohema, ananiambia nitembee polepole, tena mbele za watu."

"Labda ana maana nyingine, Baba Derick."

"Maana gani nyingine? Maneno nayajua."

Jumanne yule mama alilisema tena. Jumatano pia, na tena kwa tabasamu. Alhamisi Kasmir hakushuka.

Alisema magoti yanauma, na kweli yalikuwa yanauma. Bertila akaenda Shisanhang peke yake, akamwonyesha nguo kwa simu, naye akachagua akiwa kitandani. Kazi ikaenda. Wiki ikapita, kisha nyingine. Ikawa ndiyo utaratibu: mke chini, mume juu.

Na njaa je? Guangzhou haimwachi mtu na njaa. Ipo waimai, chakula cha kuagiza kwa simu, kinaletwa na vijana wa pikipiki mpaka mlangoni. Asubuhi maandazi ya nyama, mchana wali wa kukaanga na kuku wa kukaanga, alasiri chai ya maziwa ya baridi yenye sukari na punje nyeusi za muhogo, kopo lile kubwa. Alikuwa akila kwa sababu hana kazi ya mikono, na kwa sababu alikuwa na huzuni, na kwa sababu kugonga kwa kijana wa waimai ndiko kulikuwa kugonga pekee mlangoni mwake mchana kutwa. Ndugu zangu, msimcheke. Upweke hula sana.

Bertila alipomsihi washuke hata mara moja, waende misa, wanyooshe miguu, alikuwa na jibu moja.

"Nikipungua nitashuka."

"Utapunguaje usiposhuka?"

"Nimesema nikipungua. Sitaki kuonekana hivi."

Mnaona kufuli lenyewe? Hashuki mpaka apungue, na hapungui mpaka ashuke. Hakuna polisi aliyemfunga, wala mwenye nyumba. Ufunguo ulikuwa ndani ya sentensi yake mwenyewe, naye akaisema miezi saba.

Chumba kikawa kidogo. Alijua nyufa zote za dari. Alijua saa jirani wa mkono wa kushoto anapoanza kukaanga samaki na saa mtoto wa ghorofa ya sita anapolia. Dirisha lilitazama ukuta wa jengo lingine, karibu kiasi cha kuugusa kwa ufagio. Akaanza kuwa na kiu isiyokatika, na kwenda chooni kila mara. Herufi za simu zikaanza kuogelea. Akasema simu imezeeka. Miguu ilivimba, viatu vikakataa, akabaki na kandambili. Derick, mwanawe aliyekuwa shule ya bweni Bukoba, alipopiga simu ya video, Kasmir aliinua simu juu ili uso tu ndio uonekane.

Siku moja Bertila alirudi na marobota mawili aliyoyapandisha mwenyewe kwa zamu, moja baada ya jingine. Akaketi sakafuni.

"Mama yangu anaumwa, nawe wajua," alisema. "Siwezi kwenda kumwona kwa sababu nikiondoka nani atashuka? Nawadanganya watu wa kago kwamba umesafiri. Wewe umejifungia mwenyewe, Baba Derick, na mimi umenifungia humu humu."

Maneno yale yalimchoma. Lakini aibu ni kitu cha ajabu: badala ya kumsukuma mlangoni, ilimsukuma atafute njia ya mkato. Akampigia Nikodemu, yule anayeuza mafuta ya ngozi na dawa za kila aina pale Dengfeng. Nikodemu akamletea pakiti za majani ya kukonda.

"Kilo kumi kwa wiki mbili, laoban. Wanawake wa Kinshasa wananipigia simu mpaka naizima."

Pakiti ilisema kikombe kimoja kwa siku, kwa Kichina. Kasmir hakuweza kusoma, na hata angeweza, alikuwa na haraka. Akanywa vitatu, na akaacha kula kabisa. Siku ya kwanza aliharisha. Siku ya pili aliharisha na kutapika. Asubuhi ya siku ya tatu, Bertila akiwa anafunga mkoba wa kwenda sokoni, alisikia kishindo msalani. Mumewe alikuwa ameanguka kati ya choo na ukuta, macho wazi, maneno hayatoki. Akamvuta mkono. Akavuta tena. Mwili haukusogea hata kidogo, na yeye akaanza kulia kwa sauti huku akiendelea kuvuta.

Jonas alipanda mbio pamoja na Joachim, Mkongo mwembamba wa ghorofa ya pili, na makuli wawili waliokuwa wakipakia mizigo mtaani. Machela isingeweza kugeuka kwenye kona za ngazi zile. Wakachukua turubai la kufungia marobota, wakamlaza, wakashika pembe nne. Ghorofa saba. Kila kona waliteremsha, wakapumzika, wakainua tena. Milango ilifunguka, watu wakatazama. Mtu aliyejificha miezi saba asionekane, alionekana na jengo zima siku moja, akiwa ndani ya turubai la mizigo.

Chini, mama wa dukani alikuwa amekwisha kusogeza makreti yake yote na kushikilia mlango kwa mgongo. Wabebaji walipopita alisema, "Man zou, man zou." Kasmir alisikia. Hata pale alifumba macho kwa uchungu.

Hospitalini alikuwapo Dainess, binti wa Mwanza anayesomea udaktari kwa ufadhili, ambaye Bertila alimjua kanisani. Ndiye aliyetafsiri. Sukari ilikuwa juu sana, na kwa namna ilivyoonekana ilikuwa juu miaka kadhaa, hata kabla ya kujifungia. Presha pia. Yale majani ya kukonda yalikuwa yamemkausha maji na kukaribia kuziharibu figo. Kisha daktari wa macho akamtazama kwa muda mrefu.

"Anko," Dainess alisema, akiinama karibu naye, "jicho la kushoto damu imevuja ndani. Anasema halitarudi kuona vizuri. La kulia limeanza, ila bado. Sukari ikishuka na kubaki chini, litanusurika. Isiposhuka, utapoteza yote mawili."

Kasmir akaongea, sauti ndogo. "Ningetembea, mwanangu. Ni yule mama wa chini. Kila nikipita ananiambia nitembee polepole. Jonas amesikia mwenyewe leo, hata nilipobebwa."

Dainess alimtazama Jonas. Jonas akatazama sakafu.

"Anko, hata mimi ananiambia. Nina kilo hamsini. Ni kuaga tu. Muuza duka yeyote hapa anamwambia hivyo mteja anapoondoka. Maana yake uende salama."

"Na mimi kila siku," Jonas alisema. "Na Joachim. Nilidhani unajua, laoban. Ungeniuliza."

Angemuuliza. Nani kati yetu huuliza? Kasmir aligeuza uso ukutani, akalia, si kwa sababu ya jicho. Alililia kigoda alichosogezewa.

Msidhani hapo mlango ulifunguka akatoka. Siku aliporuhusiwa, ghorofa saba zilikuwa zinamsubiri vile vile. Alizipanda kwa karibu saa nzima, Jonas nyuma yake amebeba kiti, na alipofika juu alijikuta kwenye chumba kile kile, dari ile ile. Daktari alikuwa amemkataza haraka ya aina yoyote: kilo mbili kwa mwezi zinatosha, na dawa kila siku. Wiki ya kwanza alishuka ghorofa moja na kurudi, mara mbili kwa siku. Wiki ya tatu mbili. Bertila hakumnyima ndizi; alimpa mbili badala ya sita, na nusu ya sahani ikawa mboga za majani, pamoja na samaki wa mvuke au maharage. Chai ya maziwa ikawa maji. Alichukia kila kitu. Kuna siku alikaa kwenye ngazi za ghorofa ya tano akashindwa kupanda wala kushuka, na akadhani ndipo atakapoishia.

Mwezi wa pili tangu atoke hospitalini aliagiza kuku wa kukaanga, akamla wote, akaficha boksi chini ya kitanda. Bertila alilikuta akifagia. Akatoka, na Kasmir akamkuta ameketi kwenye ngazi, boksi mapajani.

"Nitakuwa mjane wa mtu aliye hai?" aliuliza.

Kasmir aliketi kando yake. "Nimekosa, Mama Derick. Nifichie simu mchana. Sijiamini." Na tangu siku ile simu ya Kasmir ilishinda mkobani mwa mkewe, Shisanhang.

Mwezi wa tatu alifika chini kwa miguu yake. Mama wa dukani alimuuzia maji, akamuaga kwa yale maneno yake, naye Kasmir akamjibu asante kwa Kichina, kwa aibu. Mwezi wa tano alizunguka mtaa. Mwezi wa tisa mizani ilisema mia na kumi na mbili, kutoka mia na thelathini na moja za siku aliyofikishwa hospitalini, na daktari akasema jicho la kulia limesimama palepale. Halijaharibika zaidi. Bertila akakata tiketi ya kwenda kumwona mama yake.

Kabla hajasafiri walikwenda Shisanhang pamoja. Mtaa ulikuwa umejaa, mikokoteni inapita kwa kasi, makuli wanapiga kelele. Hatua ya ishirini hivi, mkokoteni wa marobota ulimpita Kasmir kushoto, ukamgonga nyonga. Hakuwa ameuona kabisa. Alisimama katikati ya watu, akageuza kichwa kizima kuutafuta, na uso wake ukabadilika. Alikuwa ametoka chumbani, lakini upande mmoja wa dunia ulikuwa umebaki umefungwa, na huo hauna ngazi za kushuka.

Bertila alihama kutoka kulia kwake, akaja kushoto, akamshika mkono wa shati.

"Mimi nitaangalia huku," alisema.

FUNZO

Tuache kusifu vitambi, enyi mashangazi na enyi marafiki wa meza. Mwenzenu anayehema kwenye ngazi hana raha, anaumwa, na kumwambia amependeza ni kumsindikiza kaburini. Na wewe unayeuza majani ya miujiza, nawe unayeyanunua, jueni kwamba mwili uliojazwa kwa miaka haumwagwi kwa wiki mbili. Sahani ipungue kidogo kidogo, miguu iongezewe mwendo kidogo kidogo, kipimo cha sukari kifanyike kabla macho hayajaanza kuogelea. Neno likikuchoma, uliza maana yake kabla ya kulijengea gereza. Na usingoje upungue ndipo uonekane na watu. Toka ukiwa hivyo hivyo, unavyohema, maana ndio mwili pekee ulio nao wa kutokea. Kilo Kasmir anazipunguza, na Mungu akipenda atazimaliza. Miezi saba ile na jicho la kushoto hakuna wa kumrudishia.