Wiki ya Novemba ya Babu Tauno

Kila siku akitoka shule, Hilla alipitia kwa babu yake kabla ya kwenda kwao. Alivua viatu mlangoni, akatundika koti, akachemsha kahawa, maana Babu Tauno bila kahawa ya alasiri alikuwa hasemezeki. Kisha walikula mkate mtamu wa iliki dirishani huku Babu akimtania kwa hesabu zake mbovu.

Siku za karibuni simu ya Babu ilikuwa ikilia wakati huohuo wa kahawa, naye haipokei. Aliitazama tu mpaka ikanyamaza, na mkate ukamshinda. Hilla alijua sababu. Zamani, Bibi alipokuwa hai, Babu alinunua hisa katika nyumba ya mapumziko kando ya ziwa. Hisa hiyo ilimpa haki ya kukaa humo wiki moja kila mwaka, katikati ya Novemba. Watu wote wa Iisalmi, mji wao huko kaskazini kwenye baridi, wanaijua Novemba: theluji haijashika, ziwa halijaganda, na giza linaingia saa tisa alasiri. Bibi aliipenda wiki ile hivyohivyo. Alipofariki, Babu hakwenda tena, lakini ada ya matunzo ya nyumba haikufa. Ilidaiwa kila mwaka, na kwa miaka miwili Babu hakuilipa. Sasa deni lilikuwa limefika yuro mia tisa, na kampuni inayosimamia nyumba ile, ndiyo iliyokuwa ikipiga simu, ilitishia kulikata kwenye pensheni yake.

"Nataka kuiuza nipumue," alimwambia Hilla. "Wewe ndiye bingwa wa mitandao, niandikie tangazo. Bei yuro hamsini tu, kwa kuwa atakayenunua atabeba na deni. Hilo uliandike wazi, umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

Hilla akaandika. Sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, akaitaja, ziwa akalisifu, vitanda akavihesabu. Alipofika kwenye deni, vidole vikagoma. Nani atanunua kitu chenye deni? Alimwonea babu yake huruma, na huruma ile ikampoteza njia. Alilituma tangazo bila neno lile. Babu, ambaye macho yake na simu za kisasa havipatani, hakuuliza.

Hazikupita siku nyingi, mlango ukagongwa. Alikuwa Riikka, muuguzi wa hospitali ya mjini, mama wa watoto wawili wadogo. Alipomwona Babu uso ukamchangamka.

"Kumbe ni Babu Tauno, dereva wetu wa basi la shule! Mimi nilikuwa nakaa kiti cha nyuma, napiga kelele."

"Nakukumbuka! Ulinipa maumivu ya kichwa mpaka nikakaribia kustaafu mapema," Babu akajibu, wakacheka.

Walikunywa kahawa. Babu akaweka kikombe chini, akauliza polepole, "Tangazo umelisoma lote, mwanangu? Na bado unaitaka? Huogopi?"

"Niogope nini, Babu? Novemba haijamuua mtu. Wanangu hawajawahi kulala kando ya ziwa. Nimefanya kazi za ziada tangu kiangazi ili niwapeleke."

"Haya. Kama umesoma na umeridhika, sina la kuongeza."

Wakapeana mikono. Huko kwao, mkono ukishatolewa, neno limekwisha. Hilla alikuwa amekaa hapohapo mezani. Alijua kwamba Babu anazungumzia deni na Riikka anazungumzia baridi. Neno moja lake lingetosha, naye hakulitoa.

Alimsindikiza Riikka mlangoni. Yule mama, akifunga kamba za viatu, akamnong'oneza, "Unajua, nimeona matangazo mengi ya hisa kama hii. Yote yana madeni ya kukukaba roho. Hili la babu yako tu ndilo safi. Kesho nikitoka kazini nakuja tuandikiane."

Hilla alirudi jikoni. Babu alikuwa anaosha vikombe huku akiimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Bibi afariki. Hilla aliona uchungu mkubwa. Akinyamaza, wimbo utaendelea. Akisema, utakatika. Lakini aliwafikiria wale watoto wawili na zamu za ziada za mama yao.

"Babu," akasema huku machozi yakimtoka, "deni sikuliandika."

Babu akafunga bomba. Alikausha vikombe kimoja kimoja, mpaka Hilla akatamani agombezwe yaishe.

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Nilitaka simu iache kulia."

Babu akakaa. "Basi tumefanana. Mimi nimelikimbia deni miaka miwili, hata mama yako sijamwambia. Nilidhani nisipoipokea simu, deni litachoka. Vaa koti twende. Kwa Riikka utasema wewe."

Walitembea polepole kwa sababu ya magoti ya Babu. Riikka aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, mtoto kiunoni. Uso wake ulibadilika.

"Na ulikaa mezani ukanitazama nikitoa mkono?" akamuuliza Hilla.

"Ndiyo, dada Riikka. Nisamehe."

"Yuro mia tisa ningezitoa wapi mimi? Nendeni. Sina hamu ya kuzungumza leo."

Jioni ile Babu alimweleza binti yake, mama yake Hilla, kila kitu. Mama alilalamika kidogo kwamba amefichwa, kisha akaketi naye, wakaipigia kampuni. Meneja hakuwa simba kama Babu alivyodhani. Walikubaliana kwamba deni libaki kwa Babu mwenyewe, alilipe kidogo kidogo kila mwezi, na hisa iwe huru kuuzwa. Hilla akaandika tangazo jipya. Safari hii alitaja na giza, na mlango wa sauna usiofunga vizuri.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Riikka. Babu aliipokea kwa mlio wa kwanza tu.

"Nimesoma, Babu. Deni linabaki kwako kweli?"

"Kweli. Na kampuni imeliandika."

"Basi nakuja. Huyo mwandishi wako awepo."

Alipofika aliweka yuro hamsini mezani, akamgeukia Hilla. "Kuna lingine ninalopaswa kulijua?"

"Lipo," Hilla akasema. "Jiko la umeme la kule lina sehemu moja ya kupikia isiyowaka. Babu amenikumbusha leo."

Riikka akacheka, akampa mkono. Safari hii Hilla aliutazama ule mkono na roho yake ikatulia.

Alipoondoka, Babu alimvuta mjukuu wake karibu.

"Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Mimi nilificha kwa aibu, wewe ulificha kwa huruma, na wote wawili tulikaribia kumtumbukiza mwenzetu shimoni. Ukinipenda, mjukuu wangu, usinisaidie kwa uongo. Nisaidie kusema ukweli, hata mimi mwenyewe nikiuogopa."