Niliye Chini

Jibu lilitoka na jina ambalo Ng'washi hakuliandika.

Alikuwa karani wa kampuni ya kusafirisha samaki pale Kirumba, na kwenye kompyuta yake alitumia akaunti tatu za baruapepe: ya ofisi, ya bosi wake Jitesh, na yake mwenyewe. Mchana huo alimjibu mteja kwa akaunti ya ofisi, lakini penye jina la mtumaji pakatokea: Niliye Chini. Akaifuta anwani ngeni yenye jina hilo. Akapanga upya akaunti zote, kila barua ijibiwe kwa anwani ileile iliyoipokea. Kesho yake anwani ilikuwa imerudi, na kibodi inanuka tope la ziwani.

"Umemwandikia nini mteja wangu?" Jitesh alifoka. "Anasema umemwita aje azame!"

"Siyo mimi, bosi."

"Ni nani basi? Hiyo kompyuta unaigusa wewe tu!"

Simu ya Ng'washi ikaita. Alikuwa mdogo wake Dorcas, anayeishi Buhongwa.

"Dada, nimefika hapa ufukweni Mwaloni, jirani na ofisi yako, kama ulivyoniandikia. Nakuona. Lakini mbona umesimama ndani ya maji?"

"Dorcas, usiingie! Mimi niko ofisini!"

Akasikia maji yakichapa, kisha sauti, sauti yake mwenyewe Ng'washi, ikinong'ona, "Njoo, mdogo wangu. Hapa kina siyo kirefu."

Alikimbia bila viatu, akapita katikati ya meza za dagaa na wachuuzi waliomshangaa, huku harufu ile ya tope ikimfuata kana kwamba kitu kilikuwa kinakimbia sambamba naye na kumpumulia shingoni, mpaka akafika ukingoni na kumwona Dorcas, maji yamemfika kifuani, anatabasamu, mkono ameunyoosha mbele kama mtu anayeongozwa.

Akaingia, akamkamata nywele, akamvuta hadi nchi kavu.

Jioni, nyumbani kwa Ng'washi, mganga mmoja aitwaye Mama Chenge alimfukiza Dorcas dawa. Jini likampanda, likakoroma kwa sauti nzito.

"Wewe ni nani?" aliuliza Mama Chenge.

"Sina jina. Ndiyo maana naazima ya watu."

"Toka kwa mtoto wa watu! Toka!"

Likapiga ukelele, likanyamaza. Dorcas akalegea, akalala.

"Limeondoka," alisema Mama Chenge akijifuta jasho. "Wewe zifunge hizo akaunti zako, usiache hata moja."

Mganga alipoondoka, Ng'washi akashika simu ili aifunge kwanza akaunti yake mwenyewe. Juu kabisa palikuwa na barua mpya. Akaisoma anwani ya mtumaji herufi kwa herufi. Ilikuwa ya Dorcas, haina kasoro.

"Dada, mbona umeniacha? Nilikushika mguu, hukugeuka. Huku chini kuna baridi. Huyo uliyemtoa siyo mimi."

Nyuma yake kitanda kililia.

"Dada," Dorcas aliuliza kwa upole, "nani kakuandikia?"