Aliyempokea Elkana

Majirani wa Bombolulu wanamjua Eddah kama mwanamke wa maneno machache. Zamani hakuwa hivyo. Alibadilika baada ya harusi ya shemeji yake Kadenge, ng'ambo ya Likoni.

Jumapili ile, siku ya pili ya harusi, alitoka kwa wakwe zake, mtaa wa Shika Adabu, mchana kweupe. Mumewe, Chrispine, alikuwa ametangulia nyumbani na ufunguo, na jioni angeingia zamu bandarini. Eddah akichelewa, angelala mlangoni na kichanga chake, Elkana. Wifi yake Gladys, anayekaa Mikindani, alikuwa naye safari moja. Wote wawili walikuwa bado wamevaa sare ya harusi, kitenge cha samawati walichoshonewa wanawake wa upande wa bwana arusi.

"Wifi, sufuria yote hiyo ya pilau? Unakwenda kufungua hoteli?"

"Ndugu yako anakula kama dereva wa trela. Au humjui?"

Walipofika kivukoni, honi ilikuwa imeshalia. Watu wakaushika mteremko mbio, nao wakakimbia. Mbeleko ikalegea, Elkana akaanza kuteleza. Eddah alikuwa na mkoba begani, sufuria mkononi, na Gladys alikuwa nyuma akiokota kiatu.

Mkono ukatokea mbele yake. Mkono wa sare.

"Lete nikupokee," mwanamke akasema.

Eddah akampa mtoto. Uso hakuutazama. Sare ilitosha.

Waliingia wa mwisho mwisho. Feri ikang'oa nanga. Gladys akamfikia akihema.

"Elkana yuko wapi?"

"Kapokewa na mwenzetu. Yuko huko mbele."

"Mwenzetu gani? Wote tumewaacha nyumbani wakisugua masufuria."

"Ana sare, Gladys. Nimeiona."

Gladys akamsogelea sikioni.

"Sare nyingine iliyobaki ilikuwa ya shangazi Jael."

Jael, shangazi yao Gladys na Chrispine, alikuwa amefariki siku chache kabla ya harusi. Fundi alikuwa ameshamaliza kushona sare yake, na hakuna aliyetaka kuivaa. Wakamzika nayo.

Alikufa hana mtoto. Elkana alipozaliwa, alikuja Bombolulu kumtazama, akanyoosha mikono ampakate. Eddah alimvuta mwanawe mbele ya wageni wote. "Utanisamehe, shangazi. Wangu hapakatwi na tasa." Wageni wakacheka. Gladys ndiye aliyecheka zaidi. Jael alikaa na mikono yake mitupu mapajani, akanywa chai, akaaga.

Sufuria ilimponyoka Eddah. Akapenya katikati ya watu, katikati ya magari, akiita. Watu walimpisha kama anavyopishwa mwendawazimu. Feri ilikuwa katikati ya maji alipomwona. Ukingoni, nyuma ya lori. Mgongo wa samawati. Kichwa kimeinama.

Ananyonyesha.

"Shangazi," Eddah akanong'ona. Alisimama hatua mbili nyuma yake, mikono ameinyoosha. "Nisamehe. Nipe mwanangu."

"Hajashiba," mwanamke akajibu. Hakugeuka.

Feri ikagusa ng'ambo. Umati ukasukumana. Lori likaunguruma, moshi ukatanda. Ulipotawanyika, Elkana alikuwa amelala juu ya chuma, peke yake. Mzima, hana mkwaruzo. Maziwa yalimchuruzika pembeni mwa mdomo. Eddah akayafuta kwa kidole.

Yalikuwa baridi.

Usiku huo Elkana alikataa ziwa. Kesho yake akalikataa. Akisogezwa kifuani alilia mpaka sauti ikamkauka. Uji aliutema. Mchungaji akaitwa, akaomba, akaondoka bila kunywa chai. Maziwa ya Eddah yakakatika.

Lakini mtoto hakukonda. Asubuhi aliamka mashavu yamelowa maziwa, akicheua.

"Kama hanyonyi, mbona ananenepa?" Chrispine akamuuliza. "Mke wangu, unatafuta nini kwa maneno haya?"

Eddah akaacha kusema. Siku ya kliniki ilipofika, akaenda, akapanga foleni na kina mama wengine. Nesi akamweka Elkana kwenye mizani. Akatazama, akamtoa, akampima tena. Akamwita mwenzake.

"Njoo umwone huyu." Akamgeukia Eddah akicheka. "Hongera, mama. Wote wangenyonyesha kama wewe, sisi tungekosa kazi."

Elkana akamtabasamia nesi. Nesi akambusu, akamrudisha kwa mamake.

Mtoto akaanza kupiga mayowe.