Maziwa ya Sili na Neno Nililolimeza

"Mama, mwambie huyo mtoto wa watu kwamba harusi hakuna!"

Mwanangu Hebroni alisema hayo huku akigeuza kakao kwa reki kwenye mkeka uani. Huyo mtoto wa watu, Keziya, mchumba wa mjukuu wangu Asajile, alikuwa jikoni kwangu akichambua mchele, hatua nne tu kutoka pale. Kati yao kulikuwa na ukuta wa tofali, na mimi nimekaa kizingitini.

Kwetu Bujonde, ng'ombe wakishafika kwa wazazi wa binti, yeye na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Siku hizi wengi wameacha, lakini Hebroni anaishika desturi hiyo. Kwa hiyo neno lake linapita kwangu, na jibu linarudia kwangu.

"Keziya," nikasema, "baba yako anauliza kuhusu ile safari."

"Mama! Sijauliza, nimekataa!"

"Haya, amekataa," nikakiri.

Safari yenyewe ni hii. Keziya anasomea wanyama. Kuna mnyama wa bahari ya baridi anaitwa sili, mnene kama gunia la mpunga, ana masharubu ya paka. Sili wa kisiwa anachofanyia kazi Keziya, huko Uskoti, huzaa kuanzia Oktoba, na yeye hupima maziwa ya mama na damu ya watoto ajue vitamini zinavyopita. Harusi ilipangwa kuwa Agosti. Asubuhi hiyo Asajile alimwambia baba yake kwamba Oktoba bibi harusi anaondoka kwa miezi miwili, kisha akakimbilia Kyela mjini, mwoga yule.

"Mwambie sijawahi kuona mwali anapanda ndege kwenda kukamua samaki!"

"Si samaki, Bibi," Keziya akanong'ona, akizuia kicheko. "Ni mnyama anayenyonyesha."

"Si samaki," nikamwambia Hebroni.

"Nimesikia!"

"Kama unasikia, mnanichosha ya nini?"

Hakucheka. Akasimamisha reki.

"Muulize huyo sili anakaa na mwanawe siku ngapi."

Keziya akaacha ungo. Aliona mtego, lakini binti huyu hasemi uongo.

"Kama siku kumi na nane, Bibi. Kisha anarudi baharini, mtoto anabaki ufukweni peke yake."

"Umeona?" Hebroni akapaza sauti. "Ndicho anachokwenda kusomea! Mama yake Asajile naye alisema anakwenda kwao Karonga, ng'ambo ya mpaka. Miaka ishirini na saba hii! Sitaki mwanangu akae barabarani anatazama magari kama nilivyokaa mimi."

Simu yangu ikalia mlio wa ujumbe. Keziya akanisomea:

"Bibi, baba anasemaje? Moyo unanienda mbio. Mwambie Keziya nampenda, akikataliwa nahamia Ngana kwao nikalime."

"Mjibu akae huko huko mjini," nikasema. Kisha nikamtazama binti. Machozi yalimlenga, lakini shingo yake ilikuwa imenyooka. Nikampenda zaidi. "Nieleze mimi, mjukuu wangu. Huyo sili ni mama gani?"

"Ni mama wa ajabu, Bibi. Siku zote hizo kumi na nane hali kitu. Hata samaki mmoja."

"Anaishi na nini?"

"Na mafuta ya mwili wake. Mtoto anazaliwa na vitamini E kidogo sana, ndiyo maana maziwa ya siku za kwanza yamejaa hiyo. Na vitamini A ya kumkuza na kumpa macho, mama anaitoa kwenye akiba yake, kwenye ini na mafuta. Mtoto anazaliwa na kilo kumi na nne, anaachishwa na arobaini na kitu, mviringo kama mtungi. Mama amebaki ngozi. Anaporudi baharini hamkimbii mtoto, Bibi. Amekwisha. Anakwenda kula."

Uani reki ilikuwa kimya. Nilijua Hebroni anasikiliza.

"Na yule mdogo?"

"Anakaa wiki kadhaa bila kula, anaishi kwa alichowekewa na mama yake. Kisha anaingia majini mwenyewe."

"Kumbe anamwachia chakula ndani ya mwili!"

"Ndiyo. Hata sisi binadamu tunatoa hivyo. Mama anayenyonyesha huku hapati maini, papai wala mboga za majani, vitamini A ikimwishia anaweza kuanza kutoona vizuri jua likizama."



Hapo nikamwona akilini Veronika, mke wa Hebroni, miaka ile. Asajile ananyonya, ana mashavu kama maandazi, na mama yake shingo imekuwa kama kijiti. Jioni akitumwa maji anajikwaa kwenye migomba, ndoo inamwagika, sisi tunasema mvivu. Hebroni alikuwa kazini Mbeya. Wiki ile mtoto alipoacha ziwa, Veronika alinipigia magoti hapa hapa kizingitini.

"Hebroni," nikaita. "Njoo."

"Siwezi kuja, mkwe yupo hapo."

"Basi sikia ulipo. Leo sitapunguza neno." Nikashika mlango, nikasimama. "Uliporudi kutoka Mbeya uliniuliza mkeo yuko wapi. Nilikujibu nini?"

"Ulisema kaenda kwao."

"Yeye hakuniambia hivyo. Aliniambia, 'Mama, jua likizama sioni. Naomba niende kwa mama yangu nikale, nipate nguvu. Hebroni akija mwambie aje anichukue, nitakuwa namsubiri.'"

Sikumpa nafasi, nikaendelea.

"Nililimeza hilo la mwisho, na la macho pia. Niliona haya. Watu wangesema mkwe ametunyonyeshea mtoto mpaka akaishiwa, na sisi tunamtazama. Ukakasirika, hukumfuata. Yeye akaona hukuja, akadhani humtaki. Nisamehe, mwanangu."

Reki ilianguka. Keziya akanishika bega. Sauti ya Hebroni ikaja imepasuka.

"Aliniambia nije?"

"Alisema anakusubiri."

"Mama... miaka yote hii namtukana."

"Nitukane mimi."

Hakunitukana. Nilimsikia akipenga kamasi kwa shati. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea.

"Keziya!"

Binti akaruka kama kaungua. Akanitazama mimi.

"Jibu," nikamwambia. "Amekuita wewe."

"Abee, tata," akaitika, akimwita baba kwa lugha yetu.

"Namba ya mama yake Asajile unayo?"

"Ninayo, tata. Alinipa Asajile, na mama huwa ananipigia Jumapili."

"Nisomee."

Akamsomea kupitia ukutani, tarakimu moja moja, na yeye akibonyeza taratibu. Akaweka sauti kubwa, na hivyo tulisikia wote.

"Haloo?"

"Veronika. Ni Hebroni."

Upande wa pili jogoo aliwika, mtu akaambiwa anyamaze.

"Hebroni gani?"

"Wa Bujonde. Nimechelewa kuja kukuchukua. Leo ndiyo nimeambiwa ulisema nije."



"Nilikaa mpakani Jumamosi tatu, Hebroni. Nimevaa gauni la bluu."

"Nisamehe."

"Harusi ya mtoto bado ipo?"

Hebroni akatazama ukuta wa jiko. "Ipo. Jumamosi ya kwanza ya Agosti."

"Nitakuja. Lakini siku hiyo unisalimie mwenyewe. Usitume mtu."

Alikuja, na gauni la bluu, jipya. Hebroni alimsalimia mwenyewe mbele ya kanisa zima, akamshika mikono miwili, nikaangalia pembeni nikilia.

Oktoba Keziya akaenda kwa sili wake. Picha zilikuja kila siku: watoto weupe, wanene, na mama zao waliokonda wakirudi majini. Hebroni alizitazama zote, akauliza kila mmoja ana kilo ngapi. Na ilipofika Desemba, siku moja kabla ya ndege ya Keziya kutua uwanja wa Songwe, alimkuta Asajile amelala mchana.

"Amka, safisha viatu," akamwambia. "Kesho unaondoka alfajiri kumchukua mkeo. Usimwache asubiri."